Je, Mwanadamu Aweza Kumwona Mungu?



Katika kurasa hizi nataka kueleza jambo moja lililobishaniwa sana mabwenini mwetu mwaka huu, nalo ni hili: mwanadamu aweza kumwona Mungu, au hawezi? Ubishi ulianza kwa karatasi moja iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono saa za kujisomea jioni. Karatasi hiyo ilikuwa na safu mbili. Upande wa kushoto yaliandikwa mafungu ya Biblia yasemayo kwamba watu walimwona Mungu; upande wa kulia yaliandikwa yale yasemayo kwamba hakuna aliyemwona. Chini kabisa, mtu ambaye hakutia jina lake aliuliza: Kitabu kinachojipinga chenyewe chatufaa nini?

Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakataka karatasi ichanwe. Lakini kuchana karatasi si kujibu swali. Tena yuko mwenzetu mmoja, ambaye simtaji jina, aliyeacha kuja kusali kwa sababu ya safu zile mbili. Alisema, “Ikiwa Biblia haina hakika kama Mungu huonekana au haonekani, itakuwa na hakika gani inapotuambia tusiue?” Swali hilo si la mchezo, hasa katika nchi yetu ya Burundi. Kwa hiyo nimeona yafaa tulipe jibu la taratibu.

Kwanza tuyatazame mafungu yenyewe, tusije tukapigana na kivuli. Katika Mwanzo 32:30, Yakobo, baada ya kushindana mweleka usiku kucha na mtu asiyemjua, asema kwamba amemwona Mungu uso kwa uso wala hakufa. Na mahali pale akapaita Penieli. Katika Kutoka 24:9-11, Musa na Haruni pamoja na wazee 70 wapanda mlimani, wamwona Mungu wa Israeli, kisha wala na kunywa. Katika Isaya 6, nabii amwona Bwana katika kiti cha enzi, mwaka ule alipokufa mfalme Uzia. Hiyo ndiyo safu ya kushoto.

Katika safu ya kulia iko Kutoka 33:20, ambapo Musa aambiwa kwamba hawezi kuuona uso wa Mungu, kwa sababu hapana mtu awezaye kuuona akabaki hai. Iko pia Yohana 1:18, isemayo kwamba Mungu hajaonwa na mtu wakati wo wote. Na 1 Timotheo 6:16, isemayo kwamba Mungu akaa katika nuru ambayo hakuna awezaye kuikaribia.

Lakini lililo la ajabu zaidi mwenye karatasi hakuliandika. Katika Kutoka 33:11 yasemwa kwamba Mungu alisema na Musa uso kwa uso, kama mtu na rafiki yake. Toka mstari wa 11 hata wa 20 ni mistari tisa tu, katika sura ile ile moja! Wataalamu wengi wa Biblia hueleza kwamba kitabu hiki kimesukwa kutoka katika masimulizi ya kale zaidi ya moja, kama mkeka unavyosukwa kwa ukindu wa rangi mbalimbali. Na iwe hivyo. Hata hivyo tujiulize: je, msukaji alikuwa kipofu? Je, hakuona kwamba mstari wa 11 na wa 20 yakaribiana hivi? Aliona vizuri sana, naye aliyaacha yote mawili. Mtu akiacha maneno mawili kama hayo karibu karibu, hutaka tuyasome pamoja, si tuchague moja na kulitupa la pili.

Tuyasomeje basi? Mwalimu mzuri wa jambo hili ni Mwafrika, Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo. Katika barua aliyomwandikia Yeronimo, mfasiri wa Biblia, Augustino alitoa kanuni. Akikuta katika Maandiko jambo lionekanalo kupingana na kweli, hudhani moja katika matatu: ama nakala ile ya mkono ina kosa, ama mfasiri hakuipata maana, ama yeye mwenyewe msomaji hakufahamu. Kanuni hii haimzuii mtu kuuliza. Inamwagiza achunguze nakala, achunguze tafsiri, na achunguze akili yake. Tena Augustino hakulikimbia swali letu. Mwaka 413 hivi alimwandikia mwanamke mmoja jina lake Paulina barua ndefu sana, na habari yake yote ni hiyo tu: kama Mungu aweza kuonwa. Akayaweka mbele yake mafungu yale yale ya kushoto na ya kulia. Kumbe karatasi yetu ina umri wa miaka 1,600!

Sasa tulichunguze neno lenyewe, yaani kuona. Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali. Mtu asema, naona njaa, naona kiu, naona baridi, naona haya. Je, haya ina rangi gani? Njaa ina urefu gani? Hakuna jicho lililopata kuiona njaa, wala msemaji hadanganyi. Mgonjwa asema amekwenda kumwona daktari, hata kama usiku ule taa zimezimika na hakumwona vema usoni. Twaagana kwa kusema tutaonana, na kipofu naye huagana vivyo hivyo. Basi neno kuona lina kazi nyingi: ni kutambua kwa jicho, ni kusikia katika mwili, ni kujua, ni kukutana. Atakayeshika kazi moja tu na kuilazimisha kila mahali atatukuta sote waongo kabla ya chakula cha mchana.

Maneno uso kwa uso nayo ni vivyo hivyo. Katika Kiebrania, neno panim maana yake ni uso, na pia ni kuwapo kwa mtu mbele ya mwenziwe. Na hapa Biblia yenyewe yatupa ufunguo, wala hatuna haja ya kuutunga. Fungua Kumbukumbu la Torati 5:4: Musa awaambia Waisraeli wote kwamba Bwana alisema nao uso kwa uso pale mlimani. Sasa rudi nyuma sura moja tu, 4:12: watu wale wale, mlima ule ule, siku ile ile, na Musa asema kwamba walisikia sauti lakini hawakuona umbo lo lote. Umeona, ndugu msomaji? Kitabu kimoja, mnenaji mmoja. Uso kwa uso maana yake hapa ni ana kwa ana, bila mjumbe katikati, wala si kutazama mashavu na macho. Kwa hiyo Musa kusema na Mungu uso kwa uso katika mstari wa 11, na kukatazwa kuuona uso wake katika mstari wa 20, ni mambo mawili mbalimbali. Urafiki alipewa, aliponyimwa ni kumfanya Mungu kitu cha kutazamwa.

Pili, tuwaangalie wale waliosema wameona. Waliona nini hasa? Hapa yafaa kusoma polepole. Wazee 70 walimwona Mungu wa Israeli, lakini sura hiyo yaeleza kilichokuwa chini ya miguu yake tu: sakafu kama ya yakuti samawi. Isaya aeleza pindo za vazi zilizojaza hekalu, na moshi, na maserafi wanaojifunika nyuso. Uso wa Bwana hauelezi. Ezekieli, mwisho wa sura yake ya kwanza, aogopa hata kutamka moja kwa moja. Asema kwamba alichokiona ni mfano tu wa utukufu. Musa mwenyewe, alipoomba sana, alifichwa katika ufa wa mwamba, akaonyeshwa nyuma. Kama watu hawa wangekuwa waongo wenye kujisifu, jambo la kwanza ambalo wangetueleza ni sura ya uso. Lakini wote hufika mpaka pale, kisha hunyamaza. Kwa hiyo safu ya kushoto na safu ya kulia hazipigani kama tulivyodhani. Wale walioona ndio mashahidi wakubwa kwamba hakuonekani kote.

Isidhaniwe kwamba swali hili ni la Wakristo peke yao. Ukishuka kutoka Kiriri kwenda mjini utafika Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya barabarani na sokoni. Katika dini ya Kiislamu nako jambo hili limesumbua wanavyuoni tangu zamani. Katika Kurani, sura ya 6 aya ya 103 yaeleza kwamba macho hayamfikii Mungu. Katika sura ya 7 aya ya 143, Musa aomba kumwona Mola wake, naye aambiwa kwamba hatamwona. Mlima wapondeka, na Musa aanguka amezimia. Lakini katika sura ya 75, aya ya 22 na 23, zatajwa nyuso zenye kung'aa siku ya Kiyama, zikimtazama Mola wao. Safu mbili tena!

Waislamu wa Sunni hufundisha kwamba waumini watamwona Mungu huko Akhera, bila kuuliza kwa namna gani. Waibadhi, ambao ni wengi katika Oman, hufundisha kwamba Mungu hataonwa, hapa wala huko. Nao huifasiri ile aya ya kutazama kuwa ni kuingojea rehema ya Mola. Huko Unguja madhehebu haya mawili yalikaa pamoja miaka mingi: masultani walikuwa Waibadhi, na raia wengi walikuwa Wasunni wafuatao Imamu Shafi. Mtu mashuhuri katika mjadala huu ni Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942, akawa Mufti Mkuu wa Oman mwaka 1975. Katika kitabu chake Al-Haqq ad-Damigh aliyatetea mambo matatu ya itikadi ya Kiibadhi, na mojawapo ni hili la kwamba Mungu haonekani. Nanyi angalieni jinsi ugomvi wote unavyozunguka neno moja. Kiswahili chenyewe kinaijua tofauti hiyo, maana kutazama ni kazi ya macho, na kutazamia ni kazi ya matumaini. Sikusudii kuwaamulia Waislamu shauri lao. Nataka tuone kwamba watu wenye elimu na uchaji, wakikutana na aya mbili zionekanazo kupingana, hawakukitupa kitabu. Waliketi wakasoma zaidi. Na pande zote mbili hukubaliana kwamba Mungu si kitu chenye umbo ambacho jicho laweza kukizunguka likakimaliza.

Tatu, iko tofauti ya wakati: sasa na baadaye. Katika Mathayo 5:8 wenye moyo safi wapewa ahadi ya kumwona Mungu. Katika 1 Wakorintho 13:12 Paulo asema kwamba sasa twaona kwa kioo tu, lakini siku ile itakuwa uso kwa uso. Tukumbuke kwamba vioo vya zamani zile vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa. Mtu alijiona kwa giza giza. Hata Kanisa Katoliki lilibishana juu ya wakati huo. Mwaka 1331 Papa Yohane wa 22 alianza kuhubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu waziwazi mpaka siku ya hukumu. Wanateolojia wengi walimpinga, naye aliyaacha maneno hayo kabla ya kufa mwaka 1334. Aliyemfuata, Papa Benedikto wa 12, alitangaza mwaka 1336 kwamba roho zilizotakaswa humwona Mungu hata kabla ya siku hiyo. Basi tusione haya kuuliza, ikiwa mapapa waliuliza.

Labda mtu atasema, “Kama Mungu yupo, mbona asionekane sasa?” Wakazi wa Kiriri wanayo picha ya jambo hili kila mwaka. Wakati wa kiangazi, hasa mwezi wa Julai na Agosti, ukisimama huku juu waliona Ziwa Tanganyika kidogo tu, kisha weupe mtupu. Mgeni aweza kuapa kwamba ng'ambo hakuna kitu. Mvua za kwanza zikinyesha, vumbi na moshi hutoweka, na milima ya Kongo husimama pale pale ilipokuwa, mirefu, na mabonde yake wayahesabu. Mvua haikuileta milima. Ilisafisha hewa tu. Ndiyo maana ahadi ile ya Mathayo haisemi habari ya wenye macho makali, bali ya wenye moyo safi.

Nasi Warundi tumeyahifadhi mafundisho hayo katika majina yetu. Katika kila darasa huenda yuko aitwaye Habonimana, jina ambalo maana yake ni kwamba Mungu ndiye aonaye. Wazee hawakumwita mtoto “Tumemwona Mungu.” Walisema kwamba sisi ndio tunaoonwa. Katika Mwanzo 16, Hagari, mjakazi aliyekimbia jangwani, alimwita Mungu kwa jina la namna hiyo hiyo, yaani Mungu anionaye. Kabla hatujauliza kama sisi twamwona, yafaa tukumbuke kwamba twaonwa.

Sasa nimefika penye swali la mwenzetu aliyeuliza juu ya kuua, nami sikulisahau. Nilisema kwamba Yohana 1:18 yasema hakuna aliyemwona Mungu. Mstari huo waendelea kusema kwamba Mwana ndiye aliyemjulisha kwetu. Lakini maneno yale yale ya mwanzo yamo tena katika waraka, 1 Yohana 4:12, na huko mwisho wake ni mwingine. Hakuna aliyemwona Mungu. Lakini tukipendana, Mungu hukaa ndani yetu. Na mstari wa 20 wamaliza shauri: asiyempenda ndugu yake ambaye amemwona, hawezi kumpenda Mungu ambaye hajamwona. Basi kutoonekana kwa Mungu si tundu la kutorokea. Ni mkono unaotuelekeza kwa jirani.

Yakobo naye alilifahamu hilo. Wengi husoma habari za Penieli wakafunga kitabu. Wangesoma sura inayofuata! Kulipokucha, Yakobo akichechemea, alimwona Esau anakuja na watu 400. Huyo ni ndugu aliyemdanganya na kumnyang'anya baraka, ndugu aliyekuwa ameapa kumwua. Yakobo aliogopa kufa. Lakini Esau alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Na katika Mwanzo 33:10 Yakobo amwambia Esau kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Usiku alishindana na asiyemwona vema. Mchana alimtambua katika uso wa ndugu aliyemsamehe.

Nchi yetu inajua maana ya jambo hili. Iliona mauaji makubwa mwaka 1972, na vita vilivyoanza mwaka 1993. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, upande wa Bururi, watu wenye silaha waliingia mapema asubuhi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mmoja. Wanafunzi walikataa kutengana. Waliuawa 40, na makaburi yao yako pale pale Buta. Walikuwa vijana wa rika letu, wenye madaftari kama yetu, na pengine nao walikuwa na maswali kama yetu juu ya mafungu magumu. Waliambiwa wagawanyike safu mbili, wakakataa. Simjui mtu awezaye kuwauliza vijana wale kama Biblia ina hakika inaposema tusiue.

Basi, ndugu wasomaji, nifupishe. Kwa macho haya ya mwili, yatazamayo mti na jiwe, hakuna amwonaye Mungu, wala Maandiko hayajasema vingine. Kwa maana ya kukutana naye, kusema naye na kujulikana naye, wengi wamemwona. Kwa maana ya kumwona kwa ukamilifu, tumeahidiwa siku ijayo. Sisemi kwamba kila fundo la Biblia limefunguka hapa. Yako mafungu mengine magumu, nami nawakaribisha ninyi mliosoma zaidi, hasa wanafunzi wa zamani, mtuandikie. Ila mtu atakapowaletea karatasi yenye safu mbili, msiichane, wala msikimbie. Someni sura yote, kisha someni na sura inayofuata.